Chini ya Dakika Tatu Ni Upepo

Tulimwita Madame Distance, na hata marubani waliotua Kisangani mara moja tu waliondoka wakilijua jina hilo. Kazi yake ilikuwa kusema ndege itakwenda umbali gani na itafika saa ngapi, basi. Hakurusha ndege, hakuitengeneza, hakuuza tiketi. Alikaa katika chumba kimoja kidogo pembeni ya uwanja wa Bangoka, chumba cha kampuni iliyokuwa na ndege tatu ndogo. Ndani mlikuwa na meza mbili, redio moja, na ramani kubwa iliyobandikwa ukutani. Kutoka humo aliwatuma watu Goma, Bunia, Isiro, Buta na kwenye vile viwanja vya udongo vya msituni, kisha akawangoja huku akitazama saa. Mimi nilikaa meza ya pili kwa miaka mingi. Najivunia meza hiyo kuliko diploma yangu, na diploma yangu ni ya hisabati.

Sitasimulia alizaliwa lini wala ni mtoto wa nani. Angenikata kauli hapo hapo na kuuliza hayo yanaongeza maili ngapi kwenye safari.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni mshipi wa kuvulia samaki. Kaka yake alikuwa mvuvi wa Wagenia, mmoja wa wale wanaotega mitego yao mikubwa ya miti katikati ya maporomoko, na ndiye aliyempa kipande cha nailoni chenye urefu wa mikono miwili. Madame alikifunga mafundo, kila fundo dakika kumi za ramani, akakitundika kwenye msumari karibu na redio. Zamani alitumia uzi wa kushonea, akagundua kwamba uzi wa pamba hunywa unyevu na kurefuka. Nailoni hainywi kitu. Lakini ramani yenyewe ilikuwa ya karatasi, na hewa yetu ya Kisangani ina maji mwaka mzima, kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi alipima digrii moja ukutani kwa ule mshipi ili aone karatasi imevimba kiasi gani.

“Leo ramani imenenepa,” alisema, akaandika kwa chaki pembeni kiasi cha unene wake.

Niliona ni uchawi wa kizee. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu hapa hapa mjini, kichwa kimejaa, na kwetu ni Yanonge, huko mto unakoteremkia, ambako umbali hupimwa kwa siku za mtumbwi na hakuna anayekudai dakika. Hilo la Yanonge alilishika tangu siku ya kwanza na hakuliachia. Nikichelewa kidogo na jibu aliniuliza kama nimelipakia kwenye mtumbwi.

Hesabu yenyewe nitaieleza, kwa sababu ni nzuri na kwa sababu ni yetu. Dunia imegawanywa kwa digrii, kila digrii ina dakika sitini, na kila dakika ya ramani ni maili moja ya marubani. Huko Ulaya mtu akitaka kupima njia ya ndege lazima ahangaike, kwa kuwa kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo mistari ya ramani inavyobanana. Sisi tuko jirani na ikweta, na hapa mistari haijaanza kubanana. Unachukua tofauti ya mashariki na magharibi, unachukua tofauti ya kaskazini na kusini, unachora pembetatu ile ya shuleni, na upande mrefu wa pembetatu ndio njia yako. Ukishapata maili, unagawanya kwa mwendo wa ndege, unapata muda. Madame Distance aliichukulia hii kama zawadi aliyopewa yeye binafsi.

“Mungu alituweka pahali pazuri,” alisema. “Bazungu wanateseka na hesabu. Siye, penseli moja inatosha.”

Ila pahali pazuri pana mtego wake, nami niliuingia mwezi wa kwanza. Nilipewa safari ya Goma. Goma iko digrii moja na dakika arobaini kusini ya ikweta, na Kisangani iko dakika ishirini na tisa kaskazini yake. Mimi nilitoa. Nilichukua moja na arobaini, nikatoa ishirini na tisa, kana kwamba miji yote miwili iko upande mmoja, nikapata maili mia mbili arobaini na nne, nikapiga mstari chini ya jibu kwa kujiamini. Madame alinyanyuka. Aliushusha mshipi kwenye msumari, akaulaza juu ya ramani kutoka kwetu hadi Goma, akahesabu mafundo kwa kidole gumba.

“Goma iko upande gani ya mustari?”

“Kusini, Madame.”

“Na siye?”

Nikageuka kuitafuta ikweta kwenye ramani. Tuseme ukweli, watu wa Kisangani tunakaa karibu sana na ikweta hata tumesahau tuko upande gani. Uliza sokoni, nusu watakuambia tuko juu yake kabisa, na nusu watakuambia iko mahali fulani huko ng’ambo.

“Donc ndege yako iliruka mustari bila kuiona,” alisema. “Utajumlisha. Haupunguze. Iko maili mia mbili makumi sita na saba. Ulimunyima rubani maili makumi mbili na tatu. Hiyo ni dakika tisa ya mafuta. Hizo dakika tisa, ataruka na nini? Na diploma yako?”

Nilidhani yamekwisha. Jumamosi akaniambia nije na viatu vya tope. Tulivuka mto hadi Lubunga kwa mtumbwi, pikipiki imelazwa kati yetu, tukashika barabara ya Ubundu, mimi naendesha na yeye nyuma na kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, amekifunga kwenye magoti, mkononi ameshika kifaa cha kuonyesha digrii alichoazima kwa rubani. Tope lilitufika magotini mara tatu. Mwishowe akanipiga bega nisimame. Kifaa kilionyesha sifuri. Hakukuwa na bango wala jiwe, msitu tu pande zote mbili, na mama mmoja amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake na meza ya kwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa majani.

“Mama,” Madame akamwambia, “unajua uko unauzisha kwanga juu ya ikweta?”

Yule mama akatazama chini ya meza yake, kisha akatutazama sisi.

“Inaleta wateja?”

“Leo imeleta wawili.”

Tukanunua kwanga nne. Kisha Madame akachora mstari kwa kijiti barabarani, akaniamuru niuruke mara tisa, mara moja kwa kila dakika niliyomnyima rubani, na kila nikitua niseme niko kaskazini au kusini. Watu wa pikipiki walisimama kunitazama. Yule mama wa kwanga alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo kazini, na tangu siku ile sijawahi kutoa pale panapotakiwa kujumlisha.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Ndege ikifika ikiwa imepita au imepungukiwa muda wake kwa chini ya dakika tatu, huo ni upepo, na upepo hauna mwenye kulaumiwa. Zikifika tatu au zaidi, kuna mtu amekosea mahali: rubani, au fundi, au mwenye penseli. “Chini ya dakika tatu iko upepo,” alisema. “Ikipita, iko mutu.” Marubani walijua hilo kama sala. Wakishuka, kabla ya kusalimia, walimwonyesha vidole: kimoja, viwili. Aliitikia kwa kichwa, akaandika neno upepo, wakaenda zao wakiwa wamesamehewa.

Mimi sikusamehewa. Hapo ndipo penye uchungu wangu, na nauandika hapa bila kuupunguza. Safari ya Isiro ni maili mia na tisini na tano, na ndege zetu zilikwenda maili mia na hamsini kwa saa. Nikasema saa moja na dakika kumi na nane. Ikachukua saa moja na dakika ishirini.

“Mbili tu,” nilisema. “Upepo.”

“Upepo iko ya mutu anajua njia. Weye, tafuta makosa.”

Nilitafuta mchana kutwa huku yeye akila lituma yake ya ndizi zilizopondwa na samaki wa liboke, aliyeokwa ndani ya majani, bila haraka. Jioni nikalipata. Nilikuwa nimeanza kuhesabu pale injini ilipowaka, na hesabu huanza magurudumu yakiacha ardhi. Alikuwa sahihi, na kuwa kwake sahihi kuliniumiza zaidi. Baadaye ikatokea Bunia, saa mbili kamili kwa hesabu yangu, ndege ikafika saa mbili na dakika mbili. Nikatafuta siku tatu. Nilipima upya kila kitu, nikauliza rubani, nikauliza uzito wa mizigo, hakukuwa na kosa popote. Nikamwendea nikapandisha sauti mbele ya mafundi.

“Madame, makosa haiko. Ni upepo. Hata weye ungepata hivyo.”

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Siku yako ya upepo ikifika, nitakuambia,” akasema, akarudi kwenye redio.

Nilingoja siku hiyo kama mtu anavyongoja mshahara. Kila karatasi niliyoandika aliihesabu upya kutoka mwanzo kabla ya kuweka sahihi yake, hata nilipokuwa na mvi, hata nilipokuwa ninafundisha wengine. Marubani walinihurumia. Mmoja alinishauri niombe kazi Goma.

Sikuomba, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo ningeona niliyoyaona. Alikuja siku moja mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa, mtu mnene wa maneno mengi, akajisifu chumbani kwetu kwamba amepanda ndege kubwa mpya yenye mbio za ajabu. Ametoka hapa saa nne, akafika Kinshasa saa nne na dakika arobaini. Madame alimpongeza, kisha akamuuliza kurudi kulikuwaje. Mtu akakunja uso. Alitoka Kinshasa saa sita, akafika hapa saa nane na dakika arobaini.

“Donc kurudi ndege inapanda kilima?” Madame akauliza kwa adabu.

Akamwacha akae na fumbo hilo mpaka chai ikaisha, ndipo akamwonyesha saa mbili za ukutani. Nchi yetu ina saa mbili, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, na safari kwenda au kurudi ni ile ile, saa moja na dakika arobaini. Saa ya ukutani ya Kinshasa, kwa kweli, ilikuwa imesimama tangu betri yake ilipokufa. Madame hakuibadilisha. Alisema Kinshasa wanaweza kungoja.

Simu za kisasa zilipokuja hakuzichukia, na wanaosema alizichukia hawakumjua. Mama mmoja mchuuzi alikuja na simu yake, kwa hasira, akisema mtandao unasema Kisangani hadi Goma ni dakika thelathini na saba, na sisi tunamwambia karibu saa moja na dakika hamsini, tunataka kumlaza njiani. Madame akaomba kuiona ile simu. Akavaa miwani, akasoma umbali, akachukua penseli, akahesabu, akaona umbali ni sawa na wake kabisa. Uso wake ukang’aa.

“Hii kitu iko na akili,” alisema. “Ila, mama, imekuuliza utapanda ndege gani?”

Haikuwa imemuuliza. Ilidhani kila mtu anapanda ndege kubwa. Tangu siku hiyo Madame alikuwa akiuliza mtandao kila asubuhi njia mbili tatu, na ukipatana naye alisema umesoma vizuri.

Ndege ikibakiwa na dakika tano kufika, alisimama. Popote alipokuwa, hata kinywani mna lituma, alisimama, na hakukaa tena mpaka redio iseme magurudumu yamegusa ardhi. Mtu huyu huyu alichelewa kanisani kila Jumapili ya maisha yake. Alichelewa harusini, alichelewa kwenye vikao vya familia, na binti yake aliniambia kwamba kwake waliweka saa ya nyumbani mbele kwa nusu saa na bado haikusaidia. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba kanisani hakuna anayeishiwa mafuta.

Siku niliyomwogopa kweli ilikuwa ya ndege ya dawa. Ilitoka kiwanja cha udongo karibu na Bafwasende kuja kwetu, safari ya dakika arobaini na tisa. Mvua kubwa ilikuwa imeanguka juu ya mji, na redio ya rubani ilikuwa imekatika. Madame alisimama dakika tano kabla, kama kawaida. Muda ukafika. Ikapita dakika moja, mbili, tatu.

“Hii si upepo,” alisema, akaweka kikombe chini.

Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu wanaosema maneno ya msiba. Yeye akaenda kwenye ramani na mshipi. Aliuliza mvua ilianza saa ngapi, akahesabu rubani alikuwa wapi wakati huo, akaweka alama ya penseli katikati ya msitu. Akasema, “Ningekuwa yeye, ningeona mvua hapa. Na hapa ningegeuka.” Kutoka kwenye alama ile akalaza mshipi kuelekea Isiro, akahesabu mafundo, akaandika, akapiga simu Isiro na kuwaambia waondoe mbuzi uwanjani na watazame juu dakika fulani. Ndege ilitua Isiro dakika nne baada ya muda alioutaja, watu wote wazima, dawa zote salama. Watu walirukaruka, mafundi nusura wambebe juujuu. Nilipomgeukia alikuwa amekaa, ameikodolea macho karatasi yake.

“Nne,” aliniambia. “Iko mutu. Na huyo mutu ni mimi. Nilisahau muda ya kugeuka.”

Na akaandika hivyo kitabuni, kosa, na jina lake. Nimesimulia kisa hiki kwa watu wengi na kila mara nikifika hapo kifua kinajaa.

Sasa lile ambalo watu hawakuliamini walipoambiwa. Madame Distance hakuwahi kupanda ndege, hata mara moja, hata hadi Buta. Marubani walimpa nafasi bure, akakataa. Mjini walisema ni mwoga, ni mtu wa mto, maji ndiyo anayoyajua. Mimi nilimuuliza ana kwa ana.

“Nitaogopa nini?” alisema. “Ndege iko na njia, iko na saa, iko na mutu chini anajua itafika saa ngapi. Isipofika, huyo mutu anaanza kuita. Ndege bila mutu chini, hiyo imepotea hata kama inaruka muzuri. Alors, mi nikipanda, nani atakuwa chini?”

“Mimi niko.”

Alinitazama bila ubaya.

“Weye bado unatafuta makosa.”

Basi nikajua mambo hayo mawili ni jambo moja. Siku atakayonipa upepo wangu ndiyo siku atakayoweza kupanda, na siku hiyo ilikuwa haijafika. Alipostaafu aliacha mshipi kwenye msumari wake. Nilihamia meza yake. Hakuniambia neno lolote kuhusu kazi yangu, alinisisitizia tu nipime unene wa ramani kila Jumatatu.

Miaka minne baadaye binti yake alinipigia kutoka Kinshasa. Macho ya Madame yalikuwa yanaingia giza. Daktari wa huko angeweza kumpasua na kuyaokoa kama angefika upesi, lakini mama anakataa ndege, anasema atashuka na mto kwa baleinière, yale maboti makubwa ya mbao, na baleinière ni majuma mawili ikiwa hakuna kilichokwama kwenye mchanga. Daktari alisema majuma mawili ni mengi. “Ongea naye, tonton,” aliniambia, maana mimi kwake ni mjomba. “Mimi ananiona mutoto.” Nikaahidi, na sikuongea. Ningemwambia nini? Nimwambie aniamini? Hilo haliombwi.

Alikuja mwenyewe. Asubuhi moja pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka polepole akishika bega la dereva, amevaa kikwembe kipya cha kitenge na viatu vya kanisani, begi dogo begani. Alipapasa ukuta mpaka akaufikia msumari, akaushusha mshipi, akakaa kwenye meza ya pili, ile iliyokuwa yangu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

“Ramani imenenepa?” aliuliza.

“Kidogo, Madame. Nimeandika.”

“Bon. Ndege ya Kinshasa, leo. Mi niko ndani. Hesabu.”

Haikuwa ndege ya kampuni yetu, lakini nilikwenda nikauliza mwendo wake kwa wahudumu wake, nikarudi, nikachukua penseli. Nilihesabu kwa sauti ili asikie kila hatua. Mashariki na magharibi, dakika mia tano tisini na nne. Nilipofika kaskazini na kusini aliinua kidole.

“Ikweta?”

“Nimejumlisha, Madame.”

Akacheka kidogo, bila sauti, na nikajua anaiona ile barabara ya Ubundu. Mia mbili tisini na mbili. Pembetatu, maili mia sita sitini na mbili. Kwa mwendo wa ndege ile, dakika tisini na tano, na saba za kupanda na kushuka ambazo yeye mwenyewe alinifundisha kuongeza kwa ndege kubwa. Saa moja na dakika arobaini na mbili. Nikamaliza, nikangoja aseme nianze upya. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya mafundo, kimoja kimoja, lakini hakuulaza mshipi popote. Kisha akaurudisha kwenye msumari kwa kupapasa.

“Utasimama?” aliuliza.

“Nitasimama.”

“Haya. Nipeleke.”

Nilimpeleka mpaka kwenye ngazi. Alipanda bila kugeuka, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umeshika begi. Niliandika dakika magurudumu yalipoacha ardhi, nikarudi chumbani, nikakaa kwenye meza yake. Vijana wa ofisini waliniletea chai, sikuinywa. Dakika tano kabla ya wakati nilisimama. Wakati ukafika. Ikapita dakika moja. Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu na simu iko kimya, na nikaanza kusema yale maneno ambayo mtu husema, Mungu wangu, Mungu wangu, huku mkono unatafuta namba ya mnara wa Kinshasa. Dakika ya saba simu ikaita. Nyuma ya sauti yake nilisikia ndege bado inatembea uwanjani na mhudumu akimwomba mama azime simu.

“Jirani yangu wa kiti alinisomea saa,” Madame alisema. “Wakati magurudumu iliacha udongo, na wakati iligusa chini. Saa ya kwetu, si ya Kinshasa. Imechukua saa moja na dakika makumi ine na ine.”

Arobaini na nne. Nilikuwa nimesema arobaini na mbili.

“Nitatafuta makosa, Madame,” nilisema, na tayari nilikuwa nimevuta karatasi.

“Acha hiyo karatasi,” alisema. “Iko upepo.”

Akakata simu. Ndipo nikakaa.